Gari Kuukuu la Mbio: Breki Kwanza, Nguvu Baadaye

Mwanachama mwenzangu, gari aina ya Datsun 240Z, lililoundwa Japani, lilishinda mbio za Safari mwaka 1971 na 1973. Je, ukitaka kulinunua leo na kuliongezea nguvu, utaanzia wapi?

Kwanza, litafute humu humu nchini, maana kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hakikisha nambari ya chesisi inalingana na ya stakabadhi.

Pili, usidanganywe na rangi inayong'aa. Inua zulia, ukague sakafu na mahali pa betri. Hapo ndipo kutu hujificha. Injini hutengenezeka, lakini bodi iliyooza itakumalizia pesa zote.

Tatu, kabla ya kugusa kabureta zake 2, tengeneza breki, springi na matairi. Somo la fizikia latufunza kwamba mwendo ukiongezeka mara 2, kama kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, kazi ya breki huongezeka mara 4.

Basi fundi akisema, "Tuanze na injini, kijana," mjibu kwa heshima: "La, mzee, tuanze na breki." Mbio za sakafuni huishia ukingoni.