Chakula cha Ndege wa Bustanini: Namna ya Kukichagua na Kukinunua kwa Usalama

Somo hili linamhusu mlaji anayenunua nafaka, karanga au matunda ili kuwavuta ndege wadogo wa porini waje bustanini kwake. Huenda jambo hilo likaonekana dogo. Hata hivyo, nafaka inayomwagwa uani huliwa pia na kuku wa nyumbani, huokotwa na watoto wanaocheza, na pengine inayobaki mfukoni hurudishwa jikoni. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kanuni moja: nafaka isiyofaa kuliwa na binadamu haifai kuliwa na ndege.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji anatarajiwa aweze:
(a) kutambua chakula kinachowafaa ndege wa eneo lake;
(b) kuikagua nafaka kabla ya kuilipia, na
(c) kukiweka chakula bila kuhatarisha ndege, mifugo wala familia.

1. Mdomo wa ndege na chakula chake

Mkazi wa Mwanza hana haja ya kuagiza chakula cha ndege kutoka mbali. Vilivyomo katika masoko ya Kirumba, Igoma au Buhongwa vinatosha, mradi mnunuzi ajue ni ndege gani anayemkusudia.

Ndege wenye mdomo mfupi na mnene hula punje. Chiriku, pamoja na vile vindege vyekundu na vya buluu vinavyookota chini kwa makundi, hupenda punje ndogo kama uwele na ulezi. Shomoro na kwera, ambao wengine huwaita mnana, hula pia mtama na chenga za mchele. Kwera ndio wanaosuka viota vyao katika mafunjo ya ufukweni na katika miti ya mjini. Chenga huuzwa kwa bei ya chini kuliko mchele mzima, nazo huwafaa ndege vilevile. Alizeti yenye ganda huhitaji mdomo wenye nguvu zaidi.

Shore, ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi, na kuzumburu mwenye mkia mrefu hufuata matunda. Kipande cha papai, ndizi au embe kilichoiva kinatosha. Chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, hunyonya maji matamu ya maua. Badala ya kumtengenezea maji ya sukari, ambayo huchacha upesi kwenye joto, tunashauri mlaji apande shubiri au autunze mgomba wake, kwa kuwa chozi huyapenda maua ya mimea hiyo. Mbayuwayu hula wadudu warukao, wakiwemo wale wanaotanda juu ya ziwa kama moshi. Huyo hanunuliwi chakula. Msaada wake ni kutopuliza dawa ya wadudu ovyo bustanini.

Mabaki ya dagaa, nyama na ugali wenye mchuzi yasiwekwe. Hayawavuti ndege wadogo. Yatawaleta kunguru, mwewe na wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni wanaozoea kusimama kwenye majalala na kando ya masoko ya samaki. Vyakula vyenye chumvi navyo huwadhuru ndege wadogo.

2. Hatari ya kwanza: mbegu iliyotiwa dawa

Chukulia kwamba msimu wa kupanda umekwisha, na mama mmoja anakuta mtama wa rangi ya waridi ukiuzwa kwa theluthi ya bei ya kawaida. Muuzaji anamwambia, "Huu si wa ugali, dada, lakini kwa ndege haudhuru. Ukiuosha, rangi inatoka."

Maneno hayo ni ya kupotosha. Mbegu ya kupandia hupakwa viuatilifu ili isiharibiwe na wadudu na kuvu ardhini, kisha hutiwa rangi nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu ili ijulikane kuwa si chakula. Rangi ni onyo tu. Kuiosha si kuiondoa sumu. Somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa nchini Iraq mwaka 1971 na 1972. Wakulima waligawiwa mbegu za ngano na shayiri zilizotiwa dawa yenye zebaki. Magunia yalikuwa na maonyo, lakini kwa lugha za kigeni. Baadhi ya watu waliziosha mbegu, wakaona rangi imetoka, wakadhani ni salama. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifariki humo.

Ndege ana mwili wa gramu chache, hivyo punje chache humtosha kudhurika. Na kuku akiziokota, sumu imekwishafika mezani kwetu. Punje yenye rangi isiyo ya asili yake isinunuliwe kwa matumizi yoyote isipokuwa kupandwa.

3. Hatari ya pili: sumukuvu

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota katika karanga, mahindi na nafaka nyingine zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Haionekani kwa macho, na upishi wa kawaida hauimalizi. Huharibu ini.

Inafaa mlaji afahamu kwamba ndege ndio waliosababisha sumu hii ijulikane. Mwaka 1960 nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao haukutambulika mara moja. Uchunguzi uliifuata njia ya chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga yenye kuvu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2004, watu 125 walifariki nchini Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyohiyo. Nchini kwetu, mwaka 2016, watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo desturi ya kusema "hizi zimeota kuvu, tuwamwagie ndege" iachwe. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo zisiliwe na mtu, zisipewe kuku, zisipewe ng'ombe wa maziwa, wala zisiwekwe bustanini. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka katika maziwa. Zifukiwe mahali ambapo mifugo haitazifukua.

4. Ukaguzi kabla ya kulipa

Tunamshauri mlaji afuate hatua hizi:

• Mimina kiasi kidogo kiganjani na ukitazame kwenye mwanga. Punje ziwe na rangi yake ya asili.
• Nusa. Nafaka nzuri haina harufu ya uvundo wala ya dawa. Usionje kinachokutia shaka.
• Ingiza mkono katikati ya gunia, si juu tu. Ukihisi joto au unyevu, acha.
• Uliza kama imehifadhiwa kwa dawa ya ghala, na ilitiwa lini. Asiyeweza kujibu asiuziwe imani yako.
• Dai kupimiwa kwa mizani iliyohakikiwa yenye stika ya Wakala wa Vipimo, badala ya kopo au kisado.
• Nunua kiasi cha wiki mbili tu. Gunia zima ni rahisi kwa kilo, lakini huwa ghali likiota kuvu stoo wakati wa masika.
• Omba risiti na uitunze. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha malalamiko yako.

5. Kuweka chakula

Kiganja kimoja cha nafaka kila asubuhi kinatosha. Kiwekwe juu ya ubao au sahani ya udongo, mahali palipoinuka na pa wazi, ili paka asipate pa kujificha. Kinachobaki jioni kiondolewe, hasa siku ya mvua, kwa sababu nafaka iliyolowa huota kuvu upesi. Sahani isuguliwe na kukaushwa juani kabla ya kutumika tena. Iwe mbali na banda la kuku, maana ndege wa porini na kuku wanaweza kuambukizana maradhi. Maji safi ya kunywa na kuoga, yanayobadilishwa kila siku, huwavuta ndege wengi kuliko nafaka wakati wa kiangazi.

Jirani wa mashamba ya mpunga, mtama au uwele asiweke nafaka wakati mazao yanakomaa. Mkulima anayepambana na kweleakwelea hapaswi kuongezewa mzigo.

6. Kumwalika si kummiliki

Eneo la kusini mwa Ziwa Victoria ndiyo asili ya kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu. Katika miaka ya 1980 kasuku hao walinaswa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo, na idadi yao ikapungua. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumkamata mnyamapori bila kibali, na ndege ni miongoni mwao. Anayekuja kula bustanini kwako aachwe aende zake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuosha mbegu yenye rangi hakuifanyi kuwa salama?
2. Taja dalili tatu za nafaka isiyofaa kununuliwa.
3. Je, nafaka uliyo nayo nyumbani kwa ajili ya ndege ungekubali kumpikia mtoto wako uji? Ikiwa jibu ni hapana, iondoe leo.