Iache GPS Isome Anga Kabla ya Kuingia Mikoroshoni

Ukienda kupima shamba la mikorosho Chiungutwa, usiwashe GPS chini ya mti. Iwashe barabarani au uwanjani, mahali penye anga wazi, kisha utulie. Wengi huiwasha huku wanatembea. Ikichelewa, huiona mbovu.

Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa lazima kisikie angalau nne ndipo kijue kilipo na mwinuko wake. Tangazo hilo huja polepole: kulipokea lote huchukua takribani nusu dakika. Majani yakilikatiza, sehemu iliyopotea husubiriwa mpaka irudiwe. Kwa hiyo dakika moja peupe ina faida kuliko muda mrefu kivulini.

Fanya hivi:

1. Simu: washa data ukiwa bado kwenye mtandao, ufungue ramani mpaka ikuoneshe ulipo. Taarifa za setilaiti zitashuka kwa intaneti ndani ya sekunde chache. Baada ya hapo ingia shambani hata kama mtandao hakuna. GPS yenyewe haili bando. Usikawie sana, kwani taarifa zinazotoka kwenye setilaiti hutumika kwa saa 4 hivi.

2. GPS ya mkononi iliyokaa miezi bila kuwashwa, au iliyotoka mbali kama Dar es Salaam: ipe robo saa nje. Ratiba ya setilaiti zote hutangazwa kwa dakika 12 na nusu.

3. Tazama pande zote. Kando ya vilima vya mawe vya Masasi, au chini ya ukingo wa Newala, sehemu kubwa ya anga imezibwa. Sogea mbali.

4. Kwenye kona ya shamba, shika kifaa mkononi, si mfukoni. Subiri kipimo cha usahihi kishuke hadi mita 5 au chini yake, ndipo uchukue pointi.

Subira hiyo ina thamani. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 63 hivi. Mpaka wa upande mmoja ukisogea mita 10, umepoteza au umechukua mita za mraba 630: nafasi ya mikorosho minne iliyopandwa mita 12 kwa 12. Kwa mikorosho minne, majirani hufikishana barazani.