Nobu ya Shokapu Haibebi Gunia

Maswali ya wasomaji wa Kibondo na Kasulu kuhusu koilova, yaani shokapu na springi zilizounganishwa kuwa kitu kimoja. Anajibu fundi wetu wa magari.

Baadhi ya magari yaliyotumika Japani, hasa Altezza, Mark X na Subaru, hushushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa tayari na koilova zilizofungwa na mwenye gari wa kwanza. Huyo alikuwa anawazia lami ya kwao. Changarawe ya huku kwetu Makere hakuiwazia.

Fundi, shikamoo. Nimenunua Altezza yenye shokapu za kijani za TEIN, juu zina nobu ya kuzungusha. Kasulu mjini kwenye lami gari limetulia. Nikishika changarawe kutoka Makere kwenda Nyarugusu linatetemeka hadi dashibodi inalia. Nikaze au nilegeze?

Marahaba. Legeza.

Ndani ya shokapu kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo. Ukizungusha nobu, sindano nyembamba inasogea na kubana tundu mojawapo au kuliachia. Likibanwa, mafuta yanapita kwa shida na shokapu inakuwa ngumu, na kwa koilova nyingi za bei ya kawaida ugumu huo unaongezeka kote kuwili: wakati wa kubonyea na wakati wa kunyooka.

Kunyooka ndiko kunakokutesa. Kiangazi, changarawe inayopitwa na magari mengi hujikunja mawimbi. Chukua mawimbi yaliyoachana sentimita 80: kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, tairi linapigwa kama mara 14 kila sekunde. Shokapu ngumu haiwahi kulirudisha tairi chini kabla ya pigo linalofuata. Pigo juu ya pigo, gari linazama kidogo kidogo, springi inaishiwa nafasi, mwishowe unatembea juu ya raba za kuzuia kugonga. Wengi hapo husema springi zimekufa na kwenda kununua nyingine.

Kwanza pima upepo wa matairi, maana tairi lililojazwa kupita kiasi hutoa mtetemo uleule. Kisha zungusha nobu kufuata mshale wa saa mpaka ikome, kwa vidole tu. Ukiilazimisha kwa plaiza unaharibu sindano. Hapo ilipokoma ndipo sifuri yako. TEIN huhesabu kuanzia kwenye ugumu wa mwisho, na modeli zake nyingi za barabarani zina hatua 16. BC Racing aina ya BR ina hatua 30. Kwa hiyo anayekuambia "weka kumi" bila kusema ni ya kampuni gani na anahesabu kutoka upande upi, hajakuambia kitu.

Rudisha kliki 12 (kila hatua ni kliki moja), kushoto na kulia sawa, halafu pita kipande kilekile kwa mwendo uleule. Badilisha mbili mbili, mbele kwanza, nyuma baadaye, na andika kila ulichofanya. Ukivuka tuta na gari likaendelea kupanda na kushuka zaidi ya mara moja, umelegeza mno. Kaza kliki mbili. Usihukumu asubuhi gari likiwa limetoka kulala, kwa sababu mafuta ya baridi ni mazito na shokapu huonekana ngumu kuliko ilivyo.

Natoa maharage Kibondo kupeleka Kasulu kwa Noah niliyoifunga koilova. Nikipakia, nyuma inakaa hadi matairi yanasugua. Nimekaza nobu za nyuma mpaka mwisho, bado.

Na hazitasaidia, ndugu yangu. Uzito unabebwa na springi. Shokapu inapunguza kasi ya springi kubonyea na kunyooka, basi. Ukisimamisha gari lililopakiwa na kulipima urefu wake kutoka chini, kisha ukabadilisha nobu kadiri upendavyo, urefu ni uleule.

Springi ya kilo 6 kwa milimita, ukiitwika kilo 60 inashuka milimita 10. Sasa piga hesabu ya magunia yako. Gari hilo linahitaji springi za nyuma nzito zaidi au mzigo mdogo zaidi, na ukiniuliza mimi, Noah ya mizigo irudishiwe springi na shokapu za kiwandani. Kwa sasa rudisha nobu katikati, maana gari lililokaa chini likiwa na shokapu iliyobanwa linapeleka kila shimo moja kwa moja kwenye bodi.

Lakini magari ya mashindano si huwa magumu?

Yale ya kwenye lami ya uwanjani, ndiyo. Tazama Safari Rally ya Kenya, iliyoanza 1953 ikipita hadi Tanganyika na Uganda, na ikarudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 huko Naivasha. Magari yake huinuliwa, na shokapu zake zina nafasi ndefu ya kubonyea. Koilova fupi ya kushusha gari ni ya lami. Ukiishi Kasulu mjini na safari zako zinaishia kwenye barabara kuu iliyowekwa lami, sawa. Anayeshika changarawe kwenda Nduta kila wiki aachane nayo.

Nobu mbili hazizunguki tena, na chini ya mpira wa vumbi naona tope jekundu lililoganda.

Liguse kwa kidole. Likiwa kavu na linapukutika, ni vumbi la kawaida: osha kwa maji na brashi, na usipake grisi, kwa sababu grisi hushika mchanga unaosaga sili. Likiwa na utelezi, ni vumbi lililolowa mafuta ya shokapu. Sili imekwisha, na hakuna namba ya kliki itakayoirudisha. Badilisha zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma, usifunge moja mpya ikakaa na moja iliyochoka.