Nguvu ya Dawa ya Mti na Jinsi Ipoteavyo

Mukuru kwa Reuben ni mtaa wa Nairobi ulio karibu na viwanda, na nyumba zake nyingi ni za mabati. Jua likiwaka, joto ndani ya nyumba hizo huwa kali. Huko, kama katika mitaa mingine ya mjini, wako watu watumiao dawa za miti: majani ya mwarobaini, magome na mizizi, vilivyokaushwa na kusagwa. Wengi hudhani kwamba dawa ya namna hii haiharibiki kamwe, kwa kuwa imetoka shambani wala si kiwandani. Dhana hiyo si kweli, nayo yaweza kumponza mgonjwa.

Ndani ya jani mna vitu vingi, na huenda ikawa ni kimoja au viwili tu vipiganavyo na ugonjwa. Kila kimoja kimejengwa kwa chembe ndogo mno zilizoshikamana, mfano wa nyumba ya miti na fito. Kamba zikikatika, nyumba huanguka. Vivyo hivyo moto, mwanga wa jua, unyevu na hewa vyaweza kuzitenganisha chembe hizo. Jani hubaki na uchungu wake, lakini nguvu imekwenda. Kwa hiyo uchungu si kipimo cha dawa.

Wakulima wa pareto huko Nakuru na Nyandarua wanalijua jambo hili. Maua ya pareto yana sumu ya kuua wadudu, lakini sumu hiyo ikianikwa juani huvunjika upesi. Mwarobaini nao una kitu kiitwacho azadirakitini, kizuiacho wadudu wasile mimea, nacho pia huharibiwa na jua. Ndiyo sababu mkulima hushauriwa kunyunyiza dawa hizo jioni.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa malaria. Katika China, mtaalamu Tu Youyou alitafuta dawa katika mmea wa artemisia. Majaribio ya kwanza hayakufaulu vema. Ndipo aliposoma katika kitabu cha kale kwamba majani hayo yalilowekwa katika maji na kukamuliwa, bila kutajwa kuchemshwa. Akafikiri kwamba huenda moto ndio uliopoteza nguvu. Mwaka 1971 akatumia etha, kioevu kichemkacho kwa joto dogo, naye akafaulu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kutokana na mmea huo hutengenezwa artemetha. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya iliamua kwamba artemetha pamoja na lumefantrini iwe dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Lakini chai ya majani ya artemisia si badala yake, kwa maana kiasi cha dawa hubadilika toka mmea hata mmea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba haliungi mkono matumizi ya majani hayo kwa malaria. Dawa hafifu humwacha mgonjwa katika hatari, na vijidudu visivyokufa vyaweza kuizoea.

Basi mtu atokaye Kisumu au Busia akishikwa na homa, au mtoto akipata homa kali, aende zahanati mara moja akapimwe damu, kwa kuwa si kila homa ni malaria. Akipewa vidonge hivyo, azimalize dozi zote sita kwa siku tatu, kila mara baada ya chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa. Akitumia pia dawa ya mti, amweleze daktari.

Vidonge navyo vina adui wale wale. Visiwekwe chini ya bati, dirishani, wala karibu na jiko. Viachwe katika pakiti yake, mahali pakavu, penye kivuli, chini ya nyuzi 30 za sentigredi, pasipofikiwa na watoto. Tarehe ya mwisho ikipita, visitumiwe.