Mashine Pepe: Kuendesha Mfumo Endeshi Mwingine Ndani ya Kompyuta ya Kliniki

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza VVU aweza kuanza tiba katika kituo kimoja na kuiendeleza katika kingine. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na barabara ya Rusumo hupitisha madereva na wafanyabiashara wengi. Mgonjwa ahamapo, historia ya dawa zake na wingi wa virusi ndiyo humwongoza mtoa huduma. Kanzidata ya CTC2, inayotunza historia hiyo katika kliniki za tiba na matunzo, ilijengwa kwa Microsoft Access, programu inayohitaji Windows.

Windows 7 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mei 2017, programu hasidi WannaCry ilivuruga huduma katika hospitali nyingi za Uingereza kwa kupenya kompyuta zilizokosa masasisho. Kubaki na mfumo wa zamani ni hatari. Kuuacha bila mpango ni kuiacha kanzidata bila mahali pa kufunguliwa.

Maana

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa na programu ndani ya kompyuta halisi. Mfumo wa nje, mathalani Linux, huitwa mwenyeji. Wa ndani, mathalani Windows, huitwa mgeni. Diski ya mgeni ni faili tu ndani ya diski ya mwenyeji.

Hatua

1. Mtunza takwimu anakili kanzidata kwenye diski ya nje, kisha aifungue nakala hiyo kuhakiki kwamba ni nzima.
2. Uwezo wa mashine pepe uruhusiwe katika mipangilio ya BIOS. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 yaweza kumpa mgeni GB 4.
3. VirtualBox isakinishwe, na ndani yake Windows na Access zenye leseni halali.
4. Kanzidata iwekwe ndani, na mgeni akatiwe intaneti.
5. Idadi ya wagonjwa na rekodi kadhaa zilinganishwe na kadi za karatasi kabla ya kuiondoa kompyuta ya zamani.

Tahadhari

Mashine pepe haichukui nafasi ya nakala ya akiba: diski ya mwenyeji ikiharibika, mgeni hupotea pamoja nayo. Umeme ukikatika ghafla, kanzidata iliyo wazi yaweza kuharibika. Betri ya akiba ni ya lazima. Nakala zote zilindwe kwa nywila na kufungiwa kabatini, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kwa mgonjwa

Kadi ya CTC1 itunzwe vema na iletwe kila hudhurio. Siku kompyuta inapobadilishwa, kadi hiyo humwezesha mhudumu kuhakiki kwamba dawa na tarehe zilizo kwenye kioo ni za mgonjwa aliye mbele yake.