Somo: Mtu na Kundi Lake

Mtu akiulizwa, "Wewe ni nani?", hujibu kwa mambo mawili yaliyochanganyika. Hutaja jina lake na tabia zake, kisha hutaja mji wake, ukoo wake na watu wake. Sehemu hii ya pili ndiyo yenye hatari, kwani si yake peke yake, na huilinda kama alindavyo mwili wake.

Katika wataalamu wa elimu ya nafsi walioichunguza sababu yake ni Henri Tajfel, Myahudi aliyezaliwa Polandi mwaka 1919. Alikuwa askari katika jeshi la Ufaransa, akatekwa na Wajarumani mwaka 1940. Hakuficha Uyahudi wake, illa alijiita Myahudi wa Kifaransa. Aliamini ya kuwa lau wangalimjua ni wa Polandi, hangalipona. Uso ni ule ule, na uhai wake ulitundikwa katika jina la kundi. Vita vilipokwisha, alikuta karibu jamaa zake wote wameuawa.

Baadaye, huko Bristol, Uingereza, aliwajaribu wavulana wa skuli wa miaka 14 na 15, na habari zao zikatolewa mwaka 1970 na 1971. Walionyeshwa picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, kisha kila mmoja akaambiwa kwa siri: wewe ni katika waliozipenda za fulani. Kwa hakika waligawanywa kwa bahati tu. Wakatakiwa kugawa vijisenti baina ya wenzao wawili wawili. Mgawaji hakujua majina yao, illa makundi yao, wala yeye mwenyewe hakupata kitu katika mgao wake.

Sasa na itazamwe hesabu. Katika karatasi moja aliweza kumpa wa kundi lake 19 na wa kundi la pili 25. Au 13 kwa 13. Au 7 kwa 1. Mwenye kuwatakia wenziwe faida angalichagua 19. Walakini walivutika upande wa 7: waliridhia wao wapungukiwe, mradi wale wapungukiwe zaidi. Na hapakuwa na ugomvi wa jana baina yao, wala mirathi, wala mpaka wa shamba!

Tajfel na mwenzake John Turner walieleza mwaka 1979 ya kuwa kila mtu hutaka kujiona bora. Na madamu sehemu ya nafsi yake imo katika kundi, hulitaka kundi lishinde, na ushindi haujulikani illa kwa kupimwa na kundi jingine.

Watu wa pwani hawana haja ya kusafiri hatta Bristol. Ngoma ya beni, zama za Marini na Arinoti, ilikula mali za watu kwa mavazi na karamu, ili upande wa pili uaibike. Kulipa deni ni habari nyingine.

Walakini jina la kundi halikai mahali pamoja. Mtu wa Mkomani mbele ya mtu wa Langoni ni wa Mkomani. Wakikutana hao wawili Mombasa, wote ni watu wa Lamu. Na wakisimama katika safu ya sala, mabega yao hugusana.