Kreatini: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Kopo la Kujenga Misuli



Kijana anayeanza kunyanyua vyuma katika jimu za mijini hukaa muda mfupi tu kabla ya kuambiwa kwamba chakula pekee hakitoshi, na kwamba anahitaji kopo la unga mweupe uitwao kreatini. Mmoja humhakikishia kuwa unga huo utampa kifua kipana ndani ya mwezi mmoja. Mwingine humtisha kuwa utamuua figo. Kauli zote mbili zimepita kiasi. Somo hili linaeleza kreatini ni nini, inamfaa nani, nani ajiepushe nayo, na namna ya kulikagua kopo kabla ya kulipa.

Kreatini ni nini?

Kreatini si homoni wala si steroidi, na haimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Mwili hujitengenezea wastani wa gramu 1 kwa siku kupitia figo na ini, na kiasi kingine hutokana na nyama na samaki. Mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliitambua katika nyama mwaka 1832. Takribani asilimia 95 ya kreatini ya mwilini huhifadhiwa katika misuli, ambako husaidia kurejesha upesi nguvu inayotumika katika kazi nzito ya sekunde chache.

Faida zake

Mwaka 1992, Roger Harris na watafiti wenzake walionesha kuwa kreatini inayomezwa huongeza akiba iliyomo katika misuli. Anayenyanyua vyuma au kukimbia mbio fupi huweza kuongeza marudio machache kabla ya kuchoka. Ni kazi hiyo ya ziada, ikifanywa wiki baada ya wiki pamoja na mlo wa kutosha, inayojenga misuli. Unga bila mazoezi hauleti matokeo hayo, na mkimbiaji wa mbio ndefu hatarajiwi kufaidika sana. Wapo pia ambao hawaoni mabadiliko, hasa wale ambao akiba yao ni kubwa tangu awali.

Izingatiwe kwamba ongezeko la kilo 1 hadi 2 katika wiki ya kwanza kwa kawaida ni maji yanayovutwa na misuli. Picha za “kabla na baada” zinazopigwa kwa siku chache zisikushawishi.

Kiasi cha kutumia

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Baadhi ya wauzaji hushauri kuanza na gramu 20 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Njia hiyo hujaza misuli haraka, lakini gramu 3 kwa siku hufikia kiwango kilekile baada ya takribani wiki 4. Tupige hesabu: kopo la gramu 300 hudumu siku 100 kwa gramu 3 kwa siku. Ukianza na gramu 20, siku 5 tu humaliza theluthi moja ya kopo. Aidha, kiasi kikubwa kwa mara moja huweza kuleta tumbo kujaa gesi au kuharisha.

Nani achukue tahadhari?

Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazoweza kuathiri figo, asitumie bila idhini ya daktari. Wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 nao wasianze bila ushauri wa mtaalamu wa afya.

Lipo jambo ambalo wengi hawalifahamu. Kreatini ikivunjika mwilini huwa kreatinini, taka ambayo hospitali huipima katika damu ili kujua hali ya figo. Anayetumia unga huu huweza kuonesha kiwango cha juu ilhali figo zake ni nzima. Akimficha daktari, anaweza kuhesabiwa mgonjwa bila sababu. Kwa upande mwingine, asijifariji mwenyewe kuwa “ni unga tu”, kwani huenda ugonjwa upo kweli. Mweleze daktari unachotumia, tangu lini na kwa kiasi gani, naye ataamua kama kipimo kingine kinahitajika.

Kagua kopo

Hatari kubwa mara nyingi haitoki kwa kreatini yenyewe, bali kwa kile kisichoandikwa kwenye lebo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2000 na 2001 kwa virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 ulikuta 94 vikiwa na viasili vya homoni ambavyo havikutajwa. Kwa hiyo:

1. Chagua bidhaa ambayo kiambato chake ni kreatini monohaidreti pekee. Aina zinazouzwa ghali zaidi hazijathibitishwa kuishinda.
2. Soma jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho wa matumizi.
3. Usinunue unga uliopimwa upya na kufungwa katika mfuko usio na lebo, hata kama muuzaji ni mwalimu wako wa mazoezi.
4. Kataa bidhaa inayodai kutibu maradhi au kuongeza nguvu za kiume.
5. Dai risiti na uitunze pamoja na kopo.

Ukipata uvimbe, mkojo mweusi, maumivu makali ya misuli au macho kuwa ya manjano, acha kutumia mara moja na uende kituo cha afya ukiwa na kopo hilo. Kisha toa taarifa kwa mamlaka ya udhibiti. Namba ya toleo itasaidia kufuatilia bidhaa hiyo kabla haijamfikia mtu mwingine.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini uzito wa wiki ya kwanza si kipimo cha misuli?
2. Kwa nini daktari anapaswa kujua kuwa unatumia kreatini?
3. Kopo ulilonalo nyumbani linatimiza masharti mangapi kati ya matano yaliyotajwa?

Iwapo jibu la swali la tatu si yote matano, usilitumie kopo hilo hadi upate uhakika.